Kalamu na Bunduki katika Bonde la Mto Pangani

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Handeni hana budi kuuvuka mto Pangani. Nyuma yake huiacha milima ya Usambara, na mbele yake huanza nchi ya Uzigua, nchi ya nyika na vilima, ambako mkulima huitazama mbingu kwa wasiwasi kila unapokaribia msimu wa mvua. Msafiri huyo, ikiwa hakufundishwa, hatajua kwamba ardhi anayoikanyaga imepata kuandikiwa hati, kupiganiwa na kugawanywa na watu ambao wengi wao hawakupata kuiona kwa macho yao.

Tumeandika makala haya kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wanaliuliza barazani na nyumbani. Redio na simu hutuletea kila siku habari za miji inayobomolewa na watoto wanaokufa, na za wakubwa wa dunia wanaokutana leo na kutishana kesho. Dola zilizozoea kuamuru hazisikilizwi tena kama zamani, na dola nyingine zinainuka. Basi kijana wa Kiislamu huuliza: Katika dunia ya namna hii, mnyonge afanye nini? Ashike silaha, au akae chini azungumze?

Wako wanaomjibu upesi kwamba mazungumzo ni kazi ya waoga. Wako na wengine wanaomwambia kwamba suluhu yoyote ni bora kuliko vita vyovyote. Sisi twaona kwamba majibu hayo mawili yote yamepungua. Na ili tuuone upungufu wake, hatuna haja ya kwenda mbali. Bonde la mto Pangani, baina ya Korogwe na Handeni, limekwisha kulijaribu kila jibu, na gharama yake limekwisha kuilipa.

KARATASI ZA MWAKA 1884

Katikati ya karne ya kumi na tisa mtu mkubwa katika nchi hii alikuwa Kimweri ya Nyumbai, mfalme wa Wakilindi, aliyetawala toka Vuga juu ya milima ya Usambara. Amri yake ilifika mpaka mrima, na huko pwani yeye na Sultani wa Unguja walishirikiana katika kuwasimika madiwani. Wakubwa hao wawili walijua kuishi pamoja bila ya kupigana. Kimweri alikufa mwaka 1862, na baada yake nguvu ikahama. Haikukaa tena Vuga penye kiti na mila, bali iliteremka bondeni penye njia ya misafara, kwa kuwa huko ndiko zilikopita pembe na bunduki.

Mwanawe mmoja, Semboja, alikuwa amekaa Mazinde, chini ya mlima, katika njia hiyo. Alizifuata desturi za watu wa pwani, akafanya biashara nao, akakusanya bunduki. Kiasi cha mwaka 1869 alikipigia vita kiti cha Vuga, ambacho alikuwa amekirithi Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri. Vuga ikatekwa. Wabondei nao wakainuka na kuwafukuza Wakilindi katika nchi yao. Kwa miaka mingi baadaye watu waliviziana, na wengi walikamatwa na kuuzwa utumwani. Abdallah bin Hemedi, aliyemtumikia Semboja na kuijua nyumba yake, aliyaandika mambo ya ukoo huo katika kitabu chake kiitwacho Habari za Wakilindi, na kila kijana wa mkoa wa Tanga ingefaa akisome. Hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa: ndugu juu ya mlima hasemi na ndugu aliye bondeni.

Wakati huohuo mambo makubwa yalikuwa yakitendeka Ulaya. Wajerumani walikuwa wamewashinda Wafaransa, na mwaka 1871 wakaunganisha nchi zao ndogo ndogo kuwa dola moja. Dola hiyo mpya ilitaka nayo kuwa na makoloni. Mwezi wa Novemba 1884 alishuka Saadani mtu mmoja kijana, Carl Peters, pamoja na wenzake wachache. Hawakuja na jeshi. Walikuja na karatasi. Kwa majuma machache walipita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami, wakiwakusanya wazee na majumbe, wakiwapa zawadi, kisha wakiwataka watie alama zao chini ya maandiko ya Kijerumani. Maandiko hayo yalisema kwamba wazee wametoa nchi yao yote na haki zake zote. Mzee aliyetia alama alidhani amefanya urafiki na mgeni. Hakujua kusoma lugha ile, wala hapakuwa na mtu wake wa kumsomea.

Mkutano wa Berlin, ambamo mataifa ya Ulaya yaliweka kanuni za kuigawanya Afrika, ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Siku ya pili yake, tarehe 27 Februari, Kaizari Wilhelm wa Kwanza alitia sahihi hati ya kuzikubali karatasi za Peters. Sultani Barghash wa Unguja alipinga kwa simu ya waya na kwa barua. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake. Akawatazamia Waingereza, rafiki zake wa siku nyingi, na Waingereza wakamshauri akubali, maana wakati ule walimhitaji Mjerumani katika mambo yao ya Misri. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakagawana bara, naye Sultani wakamwachia ukanda mwembamba wa pwani.

Tuangalie jambo hili vizuri. Uzigua haikutekwa kwanza kwa risasi. Ilitekwa kwanza kwa kalamu, na bunduki ikaja nyuma kuihakikisha kalamu. Kwa hivyo asemaye kwamba kila mapatano ni amani, hajaifahamu habari ya nchi hii.

WATU WATATU NA MASHAURI MATATU

Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilipandisha bendera yake katika miji ya pwani. Huko Pangani maofisa wake walimdharau Liwali, na heshima ya msikiti ikavunjwa katika siku zilezile za Idi kubwa. Watu wakainuka. Katika vita vilivyofuata, watu watatu wakubwa wa upande huu wa nchi walichagua njia tatu mbalimbali.

Wa kwanza ni Abushiri bin Salim, mwenye mashamba ya miwa karibu na Pangani. Yeye alishika silaha. Hata hivyo si kweli kwamba hakujua kuzungumza: mwanzoni mwa mwaka 1889 palikuwa na maneno ya kusimamisha vita baina yake na Wajerumani. Lakini Berlin ilikwisha kumtuma Hermann von Wissmann pamoja na askari wa kukodiwa, na tarehe 8 Mei 1889 Wissmann aliivamia boma ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri akatoka akaenda bara, akarudi na watu wa mbali ambao kazi yao ilikuwa kupora. Waliwapora hata wale aliodai kuwapigania. Mioyo ya watu ikamwacha. Alipokuwa akikimbia kupitia nchi ya Uzigua, wenyeji walimkamata na kumtoa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani.

Wa pili ni Bwana Heri bin Juma, mkubwa wa Saadani, aliyekuwa na nguvu kwa Wazigua. Yeye naye alipigana. Alijenga maboma ya miti katikati ya msitu, na shambulio la kwanza la Wajerumani huko Mlembule, Desemba 1889, alilirudisha nyuma. Mwezi uliofuata boma hilo likaanguka, na mwezi wa Machi 1890 likaanguka na la Palamakaa. Ghala za chakula zikateketea, watu wake wakashikwa na njaa. Ndipo, mwezi wa Aprili 1890, akafanya suluhu. Wajerumani walikwisha kuonja ugumu wa kumwinda msituni, tena watu wake hawakumwacha, kwa hivyo hawakumnyonga. Walimpokea kwa heshima na kumruhusu kuijenga upya Saadani. Mwaka 1894 aliinuka tena, akashindwa, akavuka bahari kwenda Unguja.

Wa tatu ni Semboja wa Mazinde. Yeye aliyapima mambo kutoka mbali. Abushiri alipokwisha kunyongwa, Semboja aliikubali bendera ya Wajerumani mwanzoni mwa mwaka 1890, bila ya vita vikubwa. Alikufa mwaka 1895 akiwa mzee nyumbani kwake. Lakini mwaka uleule Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, aliyekuwa mfalme Vuga.

Yupi katika hao alichagua vema? Msomaji ataona kwamba jibu si jepesi. Mpiganaji alinyongwa, na aliyeinama alinyongewa mtoto. Aliyepata masharti yenye afadhali kidogo ni Bwana Heri, naye aliyapata kwa kuwa alikwenda kwenye suluhu akiwa bado na watu nyuma yake. Lakini hata yeye alichelewa, kwa sababu wote watatu walikuwa wakichagua baada ya mambo makubwa kwisha kuamuliwa pasipo wao. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walifanya mapatano mengine: Mwingereza akapewa Unguja na Pemba chini ya himaya yake, Mjerumani akapewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya Ulaya, na ukanda wa pwani ukanunuliwa kwa Sultani kwa marka milioni nne. Hapana Mzigua, Msambaa wala Mbondei aliyeulizwa neno.

Lau nchi ingalikuwa na kauli moja kabla ya mwaka 1884, na watu wanaojua lugha na hila za mataifa, huenda ingalishindwa vilevile. Walakini ingalishindwa ikijua inachotia alama yake, na pengine ingaliyapata masharti yenye huruma kwa wanawake na watoto. Uchaguzi baina ya vita na suluhu haufanywi siku ya mizinga. Hufanywa miaka mingi kabla, katika kujenga umoja na elimu.

MTUME WETU KATIKA HUDAIBIYA

Sisi Waislamu tunao mfano ulio bora kuliko yote. Katika mwaka wa sita wa Hijra, sawa na mwaka 628, Mtume Muhammad (S.A.W.) alitoka Madina na masahaba wapatao 1,400 kwenda Makka kufanya Umra. Makureshi wakawazuia. Mtume akasimama mahali paitwapo Hudaibiya, akamtuma Sayyidna Uthman kwenda kusema nao. Ikavuma kwamba Uthman ameuawa. Hapo masahaba walimwahidi Mtume chini ya mti kwamba hawatamwacha, na ahadi hiyo Mwenyezi Mungu ameitaja katika Sura ya Al-Fat-h kwa radhi yake.

Kwanza ulikuja umoja, ndipo ikaja suluhu. Makureshi waliposikia habari ya ahadi ile, walimleta Suhail bin Amr kupatana. Sayyidna Ali aliandika. Suhail aliyapinga maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu kwa jina la Rahmani, na akaupinga ukumbe wa Muhammad kuitwa Mtume wa Mungu. Mtume akakubali yaandikwe maneno ambayo Suhail aliyajua, na jina lake liandikwe Muhammad mwana wa Abdalla. Masahaba waliona uchungu, na Sayyidna Umar hakuuficha uchungu wake. Mtume alipowaamuru wachinje na kunyoa hawakuinuka, hata mkewe, Bibi Ummu Salama, akamshauri atoke yeye mwenyewe aanze bila ya kusema na mtu. Alipofanya hivyo, wote wakafuata. Wanawake wa nyumba zetu wasisahau kwamba siku ile kubwa iliokolewa kwa shauri la mwanamke.

Mtume aliacha maneno, hakuacha imani. Alikubali kurudi mwaka ule bila ya kuiona Al-Kaaba, ili apate miaka kumi ya amani. Amani hiyo ilidumu kama miaka miwili tu, kisha ikavunjwa na washirika wa Makureshi, wala haikuvunjwa na yeye. Lakini katika muda huo mfupi watu wengi walisilimu, na katika mwaka wa nane wa Hijra aliingia Makka na watu wapatao 10,000 pasipo kumwaga damu ila kidogo.

Aya ya 60 na ya 61 za Sura ya Al-Anfal hufuatana. Ya kwanza hutuagiza kujiandaa kwa nguvu tuwezazo, na ya pili hutuagiza kuielekea amani adui anapoielekea, tukimtegemea Mwenyezi Mungu. Anayezitenga aya hizi, akaishika moja na kuiacha nduguye, amekosa. Nguvu bila ya nia ya amani huwa udhalimu, na nia ya amani bila ya maandalio huishia kama ilivyoishia kwa wazee waliotia alama katika karatasi za Peters.

VITA VYA WENGINE

Mwaka 1914 mataifa yaliyogawana Afrika kwa kalamu yaligombana yenyewe kwa yenyewe. Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitumaini kwamba koloni lake litaepushwa, maana mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 ulikuwa umeacha mlango wa kuyaweka makoloni ya sehemu hizi nje ya vita vya Ulaya. Katika mwezi wa Agosti palifanywa hata makubaliano na manowari za Kiingereza kwamba Dar es Salaam na Tanga isipigwe. Serikali ya London haikuyakubali, na mkuu wa majeshi ya Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, naye hakuyataka. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari Fox ilifika Tanga kuarifu kwamba makubaliano yamekwisha, na siku zilizofuata mji ukawa uwanja wa mapigano.

Reli ya Tanga, iliyokuwa imefika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, ikawa njia ya majeshi. Mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliteremka kufuata mto na reli, yakaishika Korogwe, kisha yakaishika Handeni. Nyuma ya kila jeshi walikwenda wapagazi, vijana wa Kiafrika waliobeba risasi na unga kwa vichwa vyao. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa homa, kuhara na njaa, na wengi hawana hata kaburi linalojulikana.

Katika vita hivyo Waislamu walikuwako pande zote mbili, askari wa Mjerumani huku na askari wa Kihindi wa Mwingereza kule. Mwezi wa Novemba 1914 ulitangazwa wito wa jihadi kutoka Istanbul, nao Wajerumani wakautumia katika koloni hili, ijapokuwa ni Wajerumani haohao waliomnyonga Abushiri miaka 25 nyuma. Jambo hili ni la kuwausia watoto wetu. Mkubwa anapokosa kuni za moto wake, hukata hata mti wa dini. Kabla ya Mwislamu kuitikia wito wa vita, na aulize kwanza ni vita vya nani, na ni nani atakayekula matunda yake.

MEZA ILIYOKALIWA NA MTU WETU

Vita hivyo vilipokwisha, na baada ya vita vya pili vya dunia, nguvu ilihama tena. Dola za Ulaya zilikuwa zimechoka, na Tanganyika ikawa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa. Safari hii palikuwa na meza ambayo mtu wetu angeweza kuiendea. Chama cha TANU kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, na tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York. Waislamu na Wakristo, wauza samaki na makarani, walikuwa nyuma yake, na alizungumza kwa lugha ambayo mabwana wale waliifahamu. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru bila ya vita.

Tupime tofauti. Mwaka 1884 mzee wa Uzigua alitia alama katika hati asiyoifahamu, akiwa peke yake. Miaka 70 baadaye mjumbe wa nchi nzima alikwenda mwenyewe, akisoma na kujibu, na umma nyuma yake. Kalamu ilikuwa ileile. Aliyeishika ndiye aliyebadilika.

HANDENI NA UGANDA

Uhuru nao ulituletea mtihani. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Milton Obote, naye Obote akapewa hifadhi Tanzania. Baadhi ya askari wake walikuwa wamekusanyika Sudan. Mwaka 1972 Sudan ilipopatana na Amin, askari hao waliletwa Tanzania, wakawekwa katika kambi huko Handeni. Nyika ileile aliyoikimbilia Abushiri ikawa mahali pa kujiandalia vita dhidi ya jirani.

Mwezi wa Septemba 1972 waliingia Uganda. Hawakufika mbali, wakashindwa na wengi wakafa. Ndipo Somalia ikasuluhisha, na mwezi wa Oktoba 1972 yakafanywa mapatano ya Mogadishu, ambayo yaliyataka majeshi ya nchi mbili yakae mbali na mpaka. Mapatano hayo hayakuondoa chuki, lakini yalizuia vita vikubwa kwa miaka sita. Mama aliyemlea mtoto wake katika miaka hiyo sita hatasema kwamba yalikuwa kitu kidogo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera, na Amin akatangaza kwamba sehemu hiyo ni yake. Hapo Tanzania ikapigana, maana mtu aliyekwisha kuingia nyumbani mwako na kuua hawezi kujibiwa kwa barua peke yake. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Haki ilikuwa upande wetu. Hata hivyo nchi ilibaki na madeni, mayatima na upungufu wa vitu madukani kwa miaka mingi. Kwa hivyo hata vita vya haki vina hesabu yake, na hesabu hiyo huletwa katika jiko la maskini.

NA SISI LEO?

Leo nguvu ya dunia inahama tena, na dalili zake zimefika bondeni kwetu. Mwaka 2017 Tanzania na Uganda zilitia sahihi mapatano ya kujenga bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, umbali wa kilomita 1,443. Njia yake inapita Kilindi, Handeni, Korogwe na Muheza. Wenye hisa ni mashirika ya serikali hizo mbili, pamoja na kampuni ya Ufaransa na kampuni ya Uchina. Wilaya iliyokuwa na kambi ya kuipigania Uganda mwaka 1972 sasa ni njia ya kupitishia mali ya Uganda kwa mkataba. Hilo ni jambo la kumshukuru Mwenyezi Mungu. Lakini palipo na mkataba pana karatasi, na mtu wa bonde hili hana ruhusa ya kusahau karatasi.

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Sura ya Al-Bakara, haisemi habari za vita. Inasema habari za kuandikiana: deni liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mwenye kudaiwa ndiye aseme yaandikwayo, na mashahidi wawepo. Tunapoiletea aya hiyo karatasi za mwaka 1884, twaona kila sharti lake lilivunjwa. Basi Mwislamu anayeletewa leo hati ya shamba, ya mkopo au ya fidia, asitie sahihi wala dole kabla ya kusomewa kwa lugha aifahamuyo, mbele ya mashahidi wake mwenyewe. Hayo ni sehemu ya dini yake.

Huko mashariki ya Kongo mji wa Goma ulitekwa na waasi mwezi wa Januari 2025, na tarehe 8 Februari wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na za Kusini walikutana Dar es Salaam kutafuta kusimamisha vita. Watu wengine huicheka mikutano ya namna hiyo, kwa sababu vita havikukoma siku ya pili yake. Tunawakumbusha Hudaibiya, ambako hata masahaba hawakuiona faida siku ileile. Mapatano ni kama shamba la minazi. Apandaye hukaa miaka, naye hana budi kulinda.

Wazazi, wafundisheni watoto habari za Semboja, Bwana Heri na Abushiri, wala msiwafundishe kuwatukana, maana kila mmoja alikuwa katika dhiki ambayo sisi hatujaionja. Vijana, jifunzeni lugha, sheria na historia kwa bidii ileile ambayo wenzenu wa zamani waliijifunzia shabaha. Na majumbani mwetu tuanze kusuluhishana wenyewe. Ndugu wasiosemezana kwa sababu ya mpaka wa shamba wanairudia ile habari ya Vuga na Mazinde, na mgeni mwenye karatasi hana haja ya manowari akiwakuta katika hali hiyo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atupe viongozi wenye kuijua saa ya kusema na saa ya kusimama, atukinge na kiburi cha mwenye nguvu na uzembe wa mnyonge, awarehemu waliokufa katika bonde hili bila ya makaburi, na ayalete mapatano ya haki kwa kila umma ulio katika vita. Amin.